Bia za Brussels kwa aliyezoea ale ya Sheffield: uzoefu wangu

Ukihamia Brussels ukitokea Uingereza, mtu wa kwanza utakayemuuliza habari za bia nzuri atakutuma kwenye baa za Kiingereza zilizo karibu na ofisi za Umoja wa Ulaya. Mimi nakuambia zipite. Katika mji huu bia inayomfaa mnywaji aliyelelewa na baa za Uingereza ipo, tena kwa wingi, ila haiuzwi chini ya bendera ya Uingereza.

Nijitambulishe kidogo ili ujue ulimi unaohukumu hapa ni wa nani. Nimezaliwa Moshi, utu uzima wangu mwingi umepita Sheffield, pasipoti yangu ni ya Uingereza, na kazi ndiyo iliyonileta Ubelgiji. Sheffield ni mji wa bia kwelikweli. Kelham Island, mtaa uliokuwa wa viwanda vya chuma, ndiko ilikotoka Pale Rider, bia iliyotwaa ubingwa wa Uingereza mwaka 2004. Jirani tu, kule Derbyshire, Thornbridge wanatengeneza Jaipur, yenye kilevi cha asilimia 5.9 na harufu kali ya machungwa inayotokana na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu na harufu. Kwa hiyo nilipofika Brussels nilijua ninachotafuta: uchungu wa hopsi, ukavu mwishoni, na kilevi cha kiasi kinachoniruhusu kukaa jioni nzima nikiongea na watu bila kupoteza mantiki.

Lazima nieleze kwa nini baa za Kiingereza za ughaibuni hunishinda. Ale ya pipa ya Uingereza, bia ya jadi ya baa za kule, ni bia hai. Inaondoka kiwandani ikiwa na hamira yake, inaendelea kuchacha ndani ya pipa kwenye stoo ya chini ya baa, na haisukumwi kwa gesi. Mhudumu anaivuta kwa mkono, kwa pampu ya kaunta. Huhudumiwa kwenye nyuzi 11 hadi 13 hivi. Kwetu Tanzania mhudumu anakuuliza, "Ya moto au ya baridi?" na hii iko katikati ya hizo mbili, pale ambapo pua na ulimi vinafanya kazi vizuri. Tangu mwaka 1971 kuna chama cha wanywaji, CAMRA, kilichoanzishwa kuitetea bia ya namna hii isifutwe na bia za gesi za makampuni makubwa. Tatizo lake ni kwamba pipa likishafunguliwa hewa inaingia, na baada ya siku tatu hivi bia inaanza kufa. Baa ya Sheffield inamaliza pipa haraka kwa sababu kila mtu anakunywa hiyo hiyo. Hapa Brussels niliwahi kuuziwa painti, ile glasi kubwa ya Kiingereza, kwenye baa moja yenye picha za mabasi mekundu ukutani, na bia ilikuwa imegeuka siki, kwa sababu wateja wengi wa pale wanaagiza lager, bia ya baridi yenye gesi kama zile za kwetu, na pipa linakaa. Zaidi ya hayo, tangu Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya, makaratasi ya forodha yamezidi kwa anayetaka kuleta mapipa machache tu. Bia haina kosa. Imewekwa mahali isipoweza kuishi.

Sasa tuje kwenye bia zenyewe. Ya kuanzia ni Taras Boulba ya Brasserie de la Senne, kiwanda cha Brussels kilichoanzishwa na Yvan De Baets na Bernard Leboucq. Ina asilimia 4.5 tu, jambo la nadra katika nchi ambayo bia ya asilimia 8 haimshangazi mtu. Ni nyepesi, kavu, chungu kwa namna safi, na ina harufu ya maua na ganda la limau. Nilipoonja mara ya kwanza niliweka glasi chini nikamwomba mhudumu anionyeshe chupa, kwa sababu nilikuwa nimekunywa kitu chenye roho ya ale ya Yorkshire huku hamira yake ikiwa ya Kibelgiji kabisa. Dada yake, Zinnebir, ina nguvu zaidi na kimea kinasikika zaidi. Nzuri, ila mimi hurudi kwa Taras Boulba. Tangu mwaka 2019 kiwanda kiko eneo la Tour & Taxis, na bia inayonywewa palepale, haijasafiri wala kukaa rafu, ina tofauti unayoisikia tangu puani.

Orval nitaizungumzia kwa kirefu, maana ndiyo bia ninayoipenda kuliko zote hapa. Inatengenezwa ndani ya abasia ya watawa wa Trappist kusini kabisa mwa Ubelgiji, karibu na mpaka wa Ufaransa, na kiwanda chake kilianzishwa mwaka 1931 ili kugharamia ujenzi mpya wa abasia. Kuna mambo mawili yanayoifanya iwe tofauti na bia nyingine za watawa. La kwanza, hopsi huongezwa tena bia ikiwa baridi, baada ya kuchacha, ili itoe harufu bila kuongeza uchungu mwingi; ni mbinu ambayo watengenezaji wa ale za Uingereza wanaijua vizuri, na ndiyo maana pua yangu iliitambua mara moja. La pili, wakati wa kutia chupani wanaongeza hamira ya mwituni, Brettanomyces, ambayo hula polepole sukari ambazo hamira ya kawaida imeziacha.

Matokeo yake, Orval haina ladha moja. Lebo ina tarehe ya kutiwa chupani, nawe unapaswa kuisoma kabla ya kulipa. Ikiwa changa, ya miezi miwili mitatu, uchungu wa hopsi uko mbele, mbichi na mkali. Ikipita nusu mwaka, hopsi zinarudi nyuma na ile hamira ya mwituni inatawala: unasikia ngozi, nyasi kavu, ganda la chungwa lililokauka, na bia inakuwa kavu kiasi kwamba unataka funda jingine kabla hujamaliza la kwanza. Kuna baa nzuri zinazokuuliza kabisa unataka changa au ya zamani. Swali hilo kwangu ni kipimo cha huduma. Mhudumu anayeuliza hivyo, akaleta glasi yake ya kikombe kipana, akamimina taratibu na kuacha masimbi chini ya chupa ili wewe uamue kama utayanywa, huyo anaijua kazi yake. Na dukani bei ya chupa moja iko chini sana ya painti ya London. Sijawahi kukutana na kitu kingine cha ubora huu kwa fedha ndogo kiasi hiki.

Halafu kuna Cantillon, na hapa naomba msomaji wa Kilimanjaro asogee karibu.

Kiwanda kiko Anderlecht, mtaa wa Gheude, mwendo wa miguu kutoka stesheni ya Midi. Familia hiyo ilianza mwaka 1900, na tangu 1978 jengo lenyewe ni makumbusho hai: unalipa kiingilio, unapewa maelezo, unazunguka mwenyewe kati ya matangi na mapipa, kisha unaonja. Hawatumii hamira ya kununua. Wanachemsha shayiri iliyotiwa kimea pamoja na ngano mbichi, ngano ikiwa kama theluthi moja, wanatia hopsi zilizozeeka ambazo hazina tena uchungu mkali bali zinalinda bia isiharibike, kisha yale maji yanapandishwa darini na kumwagwa kwenye beseni pana la shaba lisilo na mfuniko. Usiku kucha yanapoa huku hewa ya Brussels ikipita juu yake, na vijidudu vilivyomo kwenye hewa na kwenye mbao za jengo ndivyo vinavyoianzisha. Ndiyo maana hupika miezi ya baridi tu. Joto likizidi huingia vijidudu vibaya. Buibui hawafukuzwi, kwa sababu wanakula wadudu wanaofuata matunda. Baada ya hapo bia inalala kwenye mapipa ya mbao, na gueuze yao ni mchanganyiko wa bia ya mwaka mmoja, miwili na mitatu, inayochacha tena chupani hadi inatoa povu kama shampeni.

Bibi yangu alipika mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Ndizi mbivu zilichemshwa na kuachwa zichache, uji wa kimea cha ulezi ukafuata, na magome ya msesewe yakaleta uchungu. Hakuna aliyekwenda dukani kununua hamira; chungu kilikuwa na yake, nyumba ilikuwa na yake, na mbege ya kwa bibi haikufanana na ya jirani. Nilipokuwa nimesimama mbele ya lile beseni la shaba nilielewa kazi yote bila kutafsiriwa. Wageni wengi wanaotembelea pale husimama wakishangaa kwamba kitu kisichotiwa hamira kinaweza kuwa bia. Mtu aliyekulia migombani hashangai, na anastahili kuingia pale kifua mbele.

Ladha yake? Ni kali, chachu kama ndimu, kavu hadi mwisho, na nyuma yake kuna harufu ya ghala la zamani na tufaha bichi. Haina utamu wowote wa kukubembeleza. Ukitoka kwenye lager za kwetu moja kwa moja, funda la kwanza litakukunja uso, na nakusihi ufike la tatu kabla ya kutoa hukumu. Ukitaka kuifahamu taratibu, nenda Moeder Lambic pale Fontainas, ambako lambic, yaani bia hii ya vijidudu vya hewani kabla haijachanganywa kuwa gueuze, huvutwa kwa pampu ya mkono kama ale ya Sheffield. Kuona ule mpini unavutwa na kinachotoka ni lambic ya Brussels, moyo wangu ulifurahi sana. Wahudumu wa pale wanajua wanachouza, wanakuonjesha kidogo ukiomba, na hawakuharakishi. Bei ni ya juu kidogo kuliko baa za mtaani. Nalipa bila kunung'unika.

Bia nyingine za watawa nitazipitia haraka. Westmalle Tripel, asilimia 9.5, ni nzuri sana na inapatikana kila mahali. Rochefort 10 ni ya asilimia 11.3, nyeusi, nzito, ya kunywa chupa moja usiku wa baridi na kwenda kulala. Westvleteren 12, ambayo watu wanaitafuta dunia nzima, watawa wenyewe huiuza kwa kuagizwa kabla; kwenye maduka ya watalii bei yake imepandishwa mara nyingi zaidi ya ile ya abasia, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya kulipa hivyo wakati Rochefort iko rafu ya pembeni. Aliyezoea painti za asilimia 4 achunge hapa. Glasi ni ndogo kwa makusudi. Tramu zipo, gari liache nyumbani.

Maeneo yanayozunguka Grand-Place, uwanja mkuu wa mji, yana baa zenye menyu nene kama daftari la shule, mamia ya bia, nyingi zikiwa tamu, za rangirangi, za kuuzia wapita njia. Kwangu orodha fupi inayobadilika inashinda orodha ndefu inayokaa na vumbi, kwa sababu bia za hopsi hupoteza harufu zikikaa.

Jambo moja kwa ndugu zetu wanaokwenda Matonge, mtaa wa Wakongo kule Ixelles, kula samaki na pondu (kisamvu). Ukiagiza Primus ndani ya Ubelgiji, angalia vizuri unacholetewa. Kuna Primus ya Bralima ya Kongo, na kuna Primus ya kiwanda cha Haacht cha hapahapa Ubelgiji. Ni bia mbili tofauti kabisa zenye jina moja. Kaka mmoja wa Bukavu tuliyekaa meza jirani aliitazama chupa yangu akasema, "Hii Primus haiko ya kwetu." Tukaanza kuongea Kiswahili, yeye chake mimi changu, nikampa aonje Taras Boulba kwa mara ya kwanza wiki iliyofuata. Aliipenda, ila alisema ingekuwa baridi zaidi. Sikubaliani naye.

Kwa nyumbani, supamaketi za kawaida hapa zina Orval, Westmalle na Rochefort bila shida, na kwa gueuze tafuta duka la bia lenye stoo ya baridi. Usitupe chupa tupu: bei inajumuisha amana ya chupa na ya kreti, unarudisha unapata pesa yako, kama tulivyozoea Tanzania. Chupa zenye hamira hai ziweke wima, gizani, mbali na jiko. Gueuze iliyofungwa kwa kizibo hulazwa, na baa zinazojua huileta mezani ikiwa imelala ndani ya kikapu ili masimbi yasitibuke.

Kitu kimoja Brussels haijanipa, nacho ni bitter, ale ya kila siku ya baa za Uingereza, ya asilimia 3.8 iliyovutwa kwa mkono, laini, isiyo na gesi ya kuongezwa, painti kamili ya mililita 568. Nimeacha kuitafuta hapa. Nainywa nikirudi Sheffield, mahali pipa linapoisha jioni hiyohiyo. Kwa mengine yote, Taras Boulba kwa siku za kazi, Orval ya miezi minane kwa Jumamosi, na gueuze ya Cantillon mgeni akija. Kama unafika kwa Eurostar, unashukia Midi penyewe, kwa hiyo angalia siku za kufungua, acha mizigo stesheni na uanzie Cantillon kabla hata ya kwenda hotelini, ulimi ukiwa bado haujaguswa na kitu kingine.