Tanuri la dizeli la trei 16: bana safi, vifaa vya kufungia hovyo

Hili ni tanuri la mkate la kuzungusha toroli, trei 16 za sentimita 40 kwa 60, linalonunuliwa Dar es Salaam na kufika kusini likiwa vipandevipande. Moto wake unatoka kwenye bana (kichomea mafuta) ya dizeli ya hatua moja, yaani yenye kiwango kimoja tu cha moto, ndugu kabisa na ile inayofungwa kwenye tanuru za kupashia nyumba katika nchi za baridi: feni, pampu, nozo (kitundu kinachonyunyiza mafuta), elektrodi mbili za kutoa cheche na boksi la kontroli, vyote kwenye mwili mmoja. Hapa linapimwa kwa mazingira ya Mtwara na Lindi, yaani chumvi hewani, umeme wa kukatika, na fundi wa bana ambaye hapatikani kila mtaa. (Utauliza kwa nini si gesi. Ndiyo, gesi asilia iko Msimbati, Mtwara, na inasafishwa Madimba kabla ya kusafirishwa Dar. Mwenye bekari ya mtaani bado anapanga foleni ya dizeli.)

Bana yenyewe haina ubaya. Nozo yake imeandikwa 1.00, na namba hiyo ni galoni za Marekani kwa saa ikipimwa kwa presha ya baa 7. Pampu imesetiwa baa 10, kwa hiyo nozo hiyohiyo inatoa kama lita 4.5 kwa saa, sawa na kilowati 45 hivi za joto. Kwa trei 16 zinatosha. Kupasha tanuri nusu saa mfululizo ni lita 2 na robo. Baada ya hapo bana inawaka na kuzima kwa kufuata thamostati, basi usizidishe 4.5 kwa saa zote za zamu ukajitisha bure.

Kosa linalorudiwa sana ni kukaza skrubu ya pampu pale tanuri linapochelewa kufika nyuzi 220. Ukipandisha hadi baa 14, mafuta yanapita lita 5 kwa saa huku hewa ikiwa ileile, na moshi mweusi unaanza. Masizi yanaganda kwenye kuta za chumba cha moto, yanazuia joto kupita, tanuri linazidi kuchelewa, na mtu anakaza tena. Anza na hewa. Fungua kilango cha feni kidogokidogo huku ukitazama mdomo wa dohani, hadi moshi usionekane kwa macho, kisha acha fundi mwenye kipimo amalizie: kabonidayoksaidi kati ya asilimia 12 na 13, na karatasi ya kupimia moshi ibaki nyeupe au karibu nyeupe.

Ubovu uko kwenye kifurushi cha kufungia. Unapewa mipira (mabomba laini) miwili ya mafuta, dohani ya bati jembamba, basi. Filta hakuna, koki ya kukata mafuta hakuna. Hivyo vinunue mwenyewe, na filta ikae kabla ya pampu, mahali unapoweza kuifungua bila kulala chini.

Tangi la kawaida huku ni pipa la lita 200 juu ya stendi. Toa mafuta sentimita 8 hivi juu ya kitako, na weka koki nyingine chini kabisa ya kumwagia maji na tope. Pipa lililo nusu linatoa jasho ndani usiku, hasa pwani, na maji yanatulia chini ya dizeli. Yakifika kwenye nozo, moto unakohoa na kuzima. Bomba liwe la shaba, milimita 10. Fundi bomba atakuletea la chuma lililopakwa zinki kwa sababu ndilo alilozoea kwenye maji. Likatae, maana zinki ikikaa na dizeli hutengeneza kitu kama sabuni kinachoziba filta na nozo. Thredi tepu nayo ikae mbali. Vipande vyake vinachanika na kuingia kwenye pampu. Nati za koni zinatosha.

Kuna skrubu moja ndogo isiyosemwa dukani. Pampu inatoka kiwandani ikiwa tayari kwa mabomba mawili, la kwenda na la kurudi, na ndani yake kuna skrubu inayolazimisha mafuta ya ziada yarudi tangini. Ukifunga bomba moja tu kutoka pipa lililo juu, itoe skrubu hiyo kisha uzibe tundu la kurudishia. Ukiisahau, mafuta yanakosa pa kwenda, presha inapasua sili ya shafti na dizeli inavujia upande wa feni. Pampu mpya inaweza kufa siku ya kwanza kwa hilo tu.

Umeme wa bana unaingia kwa plagi ya pini saba: L1 (laivu), ethi, N (nyutro), T1, T2, S3 na B4. Breka ya ampea 6 na waya wa milimita za mraba 1.5 wenye ganda la silikoni vinatosha, kwa kuwa waya wa kawaida unakauka na kupasuka karibu na tanuri. Kati ya T1 na T2 zipite thamostati zote mbili, ya kazi na ya usalama, moja baada ya nyingine. Fundi akipiga jampa (kipande cha waya cha kuruka thamostati) hapo ili "tuone kama inawaka", hakikisha anaitoa kabla hajalipwa, kwa sababu bila thamostati hakuna kitu kitakachoizima. S3 ni ya taa ya hitilafu. Ifunge, msaidizi aione akiwa mbali. Laivu na nyutro zisibadilishane, la sivyo swichi itakata nyutro na ndani kutabaki na umeme. Kama feni ya kuzungusha hewa ni ya fezi tatu, tazama inazungukia wapi. Ikienda kinyume, mkate utaiva upande mmoja. Badilisha fezi mbili, imekwisha.

Ukiwasha, feni na cheche vinaanza pamoja, hewa inasafisha chumba cha moto kwa sekunde 12 hivi, kisha valvu inafungua mafuta. Jicho la moto lisipoona mwanga ndani ya sekunde 5 hadi 10, kutegemea aina ya boksi, kontroli inajifunga na taa nyekundu inawaka. Bonyeza kitufe mara moja, ikishindikana mara ya pili, kisha acha. Kila jaribio linamwaga dizeli isiyoungua chumbani, na siku itakapokubali itawaka kwa kishindo. Kama moto unaonekana kisha unazima, chomoa jicho ulifute masizi. Kama cheche hazipo, tazama kama kaure ya elektrodi imepasuka na kama nafasi kati ya ncha ni milimita 3 hadi 4.

Umeme ukikatika katikati ya zamu, feni inasimama huku chumba kikiwa na moto mkali, na joto linarudi kwenye nozo na kuipikia mafuta yaliyobaki hadi yawe kaa. Ndiyo maana nozo za huku haziishi muda mrefu. Usiichokoe kwa sindano, tundu litaharibika na mwale utakwenda upande. Agiza tatu kwa mkupuo, zenye namba na pembe ya mwale ileile, maana za magari zinazouzwa sokoni hazifai hapa.

Dohani ya bati badilisha mapema kama uko Shangani au Mikindani, karibu na bahari ya Mtwara. Weka ya chuma kisichoshika kutu, yenye kofia juu na kilango cha kusafishia chini. Na kabla ya kulipa, mwambie muuzaji afungue kasha mbele yako: mchoro wa pini saba uwemo, na namba ya nozo ilingane na iliyoandikwa kwenye kibao cha tanuri.