Miaka sita katika parokia ya Episkopali: ibada maalumu, kwaya na sarafu za kufulia

Kwa miaka sita sasa nimekuwa mshirika wa parokia moja ya Kanisa la Episkopali kusini mwa Seattle, Marekani, na kwa kuwa kila mwaka hawakosi Waanglikana wawili watatu kutoka nyumbani, au kutoka Kongo na Burundi, wanaoniuliza kama pahala hapa panawafaa, nimeona bora niyaandike mara moja yale niliyoyaona. Jina la parokia sitalitaja, kwa sababu nina malalamiko, na wale ninaowalalamikia bado ninakunywa nao kahawa kila Jumapili baada ya ibada.

Hukumu yangu niitoe mapema. Mtu akiipima parokia hii kwa ibada ya Jumapili ya saa nne asubuhi, ataipa alama ya wastani na kwenda zake, ilhali uzuri wake umejificha katika ibada zinazohudhuriwa na watu kumi na tano au ishirini, na katika kazi inayofanyika mbali na jengo lenyewe.

Mimi nimebatizwa na kupata kipaimara Mkunazini, Unguja, katika kanisa kuu ambalo Askofu Edward Steere alianza kulijenga mwaka 1873 pale palipokuwa soko la watumwa, kwa hiyo nimekulia kwenye ubani, kengele na Misa ya kuimbwa. Nilipofika hapa nilidhani Waepiskopali ni dhehebu jingine. Kumbe ni Waanglikana wenzetu, ila baada ya Marekani kujitenga na Uingereza hawakuweza tena kumwapia utii mfalme, na askofu wao wa kwanza, Samuel Seabury, ikambidi akawekwe wakfu Aberdeen, Scotland, mwaka 1784. Kitabu chao cha sala ni cha mwaka 1979, na aliyezoea Misa ya kwetu hatapotea: maungamo, Utukufu, Imani na kupeana amani, vyote atavikuta. Kilichonishtua ni kumwona padri mwanamke madhabahuni, jambo ambalo Unguja sikuwahi kuliona, ingawa kanisa hili liliruhusu rasmi katika mkutano wake mkuu wa mwaka 1976. Washirika humwita kwa jina lake tupu kama mtoto wa jirani. Ulimi wangu ulikataa, nikawa namwita Mama Padri, na siku hizi nasikia wazee wawili wa Kimarekani nao wakimwita hivyo hivyo kwa Kiswahili.

Kuhusu muziki nina sifa na nina lawama. Kinanda ni kidogo, cha mabomba, kinatunzwa vyema, na mpigaji wake ni fundi asiye na papara. Kwaya ina watu kumi na sita, na nilikuwa nimeimba nao miezi mitatu ndipo nikagundua kwamba wanne kati yao, mmoja kwa kila sauti, wanalipwa. Nilikasirika. Kwetu mwanakwaya hununua kitambaa cha sare kwa fedha zake, hulipa nauli ya kwenda mazoezini, na akikosa mazoezi hutozwa faini. Leo niambiwe kuna mtu anapewa bahasha kwa kumwimbia Mungu? Baadaye nilielezwa kuwa desturi hii ni ya kawaida katika makanisa mengi ya Episkopali, na kwamba bila wale wanne sisi wengine, ambao wengi tumeshavuka miaka sitini, tusingeweza kuimba nyimbo za Tallis na Byrd, watunzi wa Kiingereza wa karne ya 16, kwa mazoezi ya jioni moja tu ya Alhamisi. Hilo nalikubali, kwa sababu nimesimama kando ya yule mwenye sauti ya pili na najua ni mara ngapi amenivusha mahali ambapo ningeanguka.

Lawama yangu ni nyingine. Waimbaji wakiwa hodari kiasi hicho, watu waliokaa kwenye mabenchi huacha kuimba. Hufungua kitabu cha nyimbo cha mwaka 1982, hufuatisha maneno kwa macho, na midomo yao haifunguki. Mwezi wangu wa pili, mwalimu wa kwaya aliniita pembeni akaniambia kwa adabu kubwa kwamba sauti yangu inatoka nje ya sauti za wenzangu, akaniomba niipunguze. Nimeipunguza. Lakini nyumbani mama mwenye sauti ya namna hiyo ndiye anayepewa kuanzisha wimbo.

Sasa nije kwenye ibada maalumu, ambazo ndizo zimenibakisha. Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu hazina jipya kwa mtu wa kwetu, basi sitakawia nazo. Alhamisi Kuu inafuata utaratibu tunaoujua, ila hapa padri haoshi miguu ya watu kumi na wawili waliochaguliwa. Kila anayetaka hukaa kitini, huoshwa na aliyetangulia, kisha huinuka kumwosha anayemfuata, hata mtu asiyemjua. Baada ya hapo madhabahu huvuliwa nguo zote, taa huzimwa moja moja, na watu huondoka bila baraka na bila kusalimiana. Mara ya kwanza nilikaa kwenye gari dakika kumi kabla sijaweza kuliwasha.

Mkesha wa Pasaka ndio wenye shangwe. Moto mpya huwashwa nje gizani, mshumaa mkubwa huingizwa kanisani, yanasomwa masomo ya uumbaji na ya Bahari ya Shamu kwa mwanga wa mishumaa tu, na Utukufu unapoanza taa huwaka zote kwa pamoja, na kila mtu hupiga kengele aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Wengine huleta njuga, wengine hutikisa funguo. Mwaka juzi tulipiga kengele kwa muda mrefu kupita kawaida, mpaka mzee mmoja akatambua kwamba sauti moja haikomi: ubani ulikuwa umeamsha king'ora cha moto. Wazimamoto walifika, wakavua kofia mlangoni, wakasubiri wimbo umalizike.

Mwanzoni mwa Oktoba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Fransisko wa Assisi, tarehe 4, kuna baraka za wanyama. Kwa mtu wa Unguja hili linahitaji maandalizi ya moyo. Paka hawakunisumbua, kwa sababu paka kwetu huingia popote, lakini mbwa kumi na mmoja kwenye njia ya katikati ya kanisa ni habari nyingine. Nilipomsimulia jirani yetu wa Kikwajuni kwa simu, aliniuliza kwa upole kabisa kama mbwa nao walipewa mkate. Nilimjibu kwamba hawakupewa, walinyunyiziwa maji tu, lakini nadhani hakuniamini. Ibada yenyewe ni fupi na watoto wanaipenda. Mimi husimama nyuma.

Tarehe 13 Februari humkumbuka Absalom Jones, aliyezaliwa mtumwa, akapata uhuru wake, akawa padri wa kwanza mweusi wa kanisa hili, na akafariki tarehe hiyo mwaka 1818. Siku hiyo kitabu cha 1982 huwekwa kando, huimbwa nyimbo za Wamarekani weusi, na watu wa mabenchini huimba! Mara ya kwanza niliombwa nisome somo, na nilipokuwa nikielekea kwenye meza ya kusomea nilikuwa nikifikiria vyumba vile vya chini vya Mkunazini vinavyosemekana walifungiwa watumwa, ambavyo watalii huinama kuviingia. Sikulisema. Ni ibada moja kwa mwaka, na kwa maoni yangu ingefaa iwe nne.

Ibada ambayo ningemsihi mgeni asiikose ni ile ya Desemba 21, usiku mrefu kuliko wote katika mwaka, inayowekwa kwa ajili ya wale ambao Krismasi inawakuta na msiba. Hakuna kwaya, kinanda hupigwa chinichini, na hakuna anayemwambia mwenzake achangamke. Mwaka ambao mama yangu alifariki sikuweza kusafiri, kwa sababu karatasi zangu zilikuwa bado zinashughulikiwa, na kwa desturi zetu mtu aliyekosa mazishi ya mama yake hajui aanzie wapi kuomboleza. Tulikuwa watu kumi na wanne. Majina ya marehemu yaliandikwa kwenye karatasi, na Mama Padri, kabla ya kuanza, alinifuata nilipokaa, akaniomba nimtamkie jina la mama yangu, akalirudia mara tatu mpaka likakaa sawa kinywani. Lilipofika zamu yake alilisoma vizuri, na mimi nikaenda kuwasha mshumaa wangu kwenye sinia la mchanga.

Nitoke kidogo nje ya parokia, kwa sababu anayekuja Seattle lazima aambiwe hili. Kila Jumapili saa tatu na nusu usiku, katika Kanisa Kuu la Saint Mark, huimbwa Komplini, sala ya kufunga siku, na kwaya ambayo Peter Hallock aliianzisha mwaka 1956 na ambayo tangu mwaka 1962 husikika redioni. Ni nusu saa tu. Vijana huja na mablanketi, hulala sakafuni hadi karibu na madhabahu, na hakuna anayewainua. Jengo lenyewe halikumalizwa jinsi lilivyochorwa: fedha zilikwisha wakati wa mdororo wa uchumi, mwaka 1941 wadai wakalichukua, jeshi likalitumia wakati wa vita, na hati ya deni ikachomwa moto mwaka 1947 baada ya kulipwa. Labda ndiyo sababu kuta zake hazimtishi mtu. Muziki ule hauhitaji ujue Kiingereza, na mtu aliyefanya kazi ya zamu wiki nzima anaweza hata kusinzia bila aibu.

Kazi ya parokia yetu kwa majirani ina sehemu mbili. Ghala la chakula la Jumatano ni zuri na linafanana na yaliyo katika makanisa mengine, kwa hiyo ninalipita. La ajabu ni kufulia. Jumanne ya pili ya kila mwezi, kuanzia saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, tunakwenda kwenye duka la mashine za kufulia lililo mtaa wa pili, tukiwa na sabuni na mfuko wa sarafu za robo dola, na kila anayeingia na nguo chafu tunamlipia mashine ya kufua na ya kukaushia. Robo hutoka benki zikiwa zimefungwa kwenye karatasi, arubaini kwa kila fungu, sawa na dola 10, na mafungu thelathini hukaribia kilo saba. Mimi huyabeba kwenye kapu la ukili nililoletewa kutoka Pemba, na halijanikatikia mpini. Huja watu wanaolala kwenye magari, huja wanafunzi, huja familia zilizofika juzi kutoka kambini.

Siku moja aliingia mama wa makamo kutoka Kivu ya Kusini, Kongo, na wenzangu wakanisukumia mimi. Nilimhesabia robo ishirini na nne kiganjani. Akazitazama, akaniuliza, "Mama, hizi makuta ni za nani?", yaani fedha hizi. Nikamwambia, "Ni za kanisa, mama, hazirudishwi." Akafua, akakausha, akakunja mashuka yake kwa umakini wa mtu aliyekaa mno bila kuwa na shuka, kisha akaja kunirudishia robo nne zilizobaki. Nilimwambia awawekee watoto. Alikataa, akazirudisha mwenyewe ndani ya kapu. Yeye ni Mpentekoste na ana kanisa lake, na hatukumwomba aje kwetu, kwa sababu kanuni ya kazi hii ni kutomhubiria mtu aliyeshika kikapu cha nguo. Mwanzoni niliona ni woga wa Kimarekani. Siku hizi nakubaliana nao nusu.

Malalamiko yangu makubwa yanahusu fedha. Katika mkutano mkuu wa parokia wa mwezi wa Januari huwa tunagawiwa bajeti, na mwaka mmoja niliona mstari wa waimbaji wanne ni mara tano ya mstari wa kufulia, nikasimama nikauliza. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Mtunza hazina akanieleza, bila ukali, kwamba fedha za kwaya zinatokana na wasia wa marehemu mmoja uliofungwa kwa muziki peke yake. Jibu lilikuwa la haki, lakini kwa nini halikuandikwa chini ya karatasi ili kila mtu alione? Mambo mengi hapa yanajulikana tu na watu waliokaa miaka thelathini, na mgeni huonekana mkorofi kwa kuuliza tu.

Hata hivyo walisikia. Nilipendekeza kwamba sadaka ya ibada ya masomo tisa na nyimbo za Krismasi iende yote kwenye kufulia. Ibada hiyo, iliyobuniwa Truro, Uingereza, mwaka 1880 na kupata umaarufu Cambridge kuanzia mwaka 1918, ndiyo inayojaza kanisa letu kuliko zote, na wengi wanaoifuata ni watu tusiowaona tena mpaka mwaka unaofuata. Baraza la parokia lilijadili mara mbili, likakubali. Mwaka wa kwanza mabakuli yalirudi yamejaa, na sehemu kubwa ilikuwa noti.

Kwa anayetaka kuja: mlango wa wenye viti vya magurudumu uko upande wa maegesho, ubavuni, watoto wana darasa lao wakati wa mahubiri, lakini hakuna anayekasirika wakibaki, na jengo lina baridi hata mwezi wa Mei, kwa hiyo njoo na sweta. Nawapa nyota nne kati ya tano, na ya tano nimeizuia kwa ajili ya mabenchi yasiyoimba. Atakayekuja Jumanne ya kufulia aniulize mimi mwenye kapu, na asitie nguo zake kwenye mashine namba 9, kwa sababu inakula robo na haikamui.