"Makarani Tu": Jioni ya Majasusi Mashuhuri na Jinsi Mjomba Alivyonyamazishwa

Nilitoka ukumbini kabla ya kahawa kuletwa, na hasira niliyotoka nayo haijapoa hadi ninapoandika haya. Ilikuwa majuzi, katika hoteli moja ya Nyali, Mombasa, ambako waandalizi wa burudani waliitisha mazungumzo yenye picha kuhusu watu mashuhuri waliofanya ujasusi kwa siri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kiingilio na saa mtaviona katika tangazo lao. Ninalotaka kueleza mimi ni jinsi mzee wetu alivyonyang'anywa kipaza sauti mbele ya watu.

Haki itangulie, kwani saa ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Msimulizi alipofika kwa Josephine Baker, ukumbi mzima ulinyamaza. Alizaliwa St. Louis mwaka 1906 katika ufukara, akaja kuwa mchezaji na mwimbaji aliyependwa na Paris yote, kisha umaarufu huo huo akaufanya pazia: habari za siri ziliandikwa kwa wino usioonekana juu ya karatasi zake za muziki, naye akavuka nazo mipaka kama msanii anayekwenda kutumbuiza. Tarehe 30 Novemba 2021 Ufaransa ilimwingiza katika Panthéon, jengo la Paris la kuwaenzi mashujaa wa taifa, mwanamke mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Dada yangu alijifuta machozi kwa ncha ya mtandio. Roald Dahl, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa hadithi za watoto, naye alisimuliwa vyema, tangu alipokuwa kijana wa kampuni ya Shell pale Dar es Salaam, akajiunga na jeshi la anga mjini Nairobi mwaka 1939, ndege yake ikaanguka katika jangwa la Afrika Kaskazini, hadi alipopelekwa Washington, ambako cheo chake cha ubalozini kilisitiri kazi ya kuokota maneno ya wakubwa kwenye karamu zao na kuyafikisha kwa watu wa William Stephenson, mkuu wa ujasusi wa Uingereza kule Marekani. Kwa sehemu hizo mbili ningemshauri mtu yeyote aende.

Kisha ikafika zamu ya maswali. Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa hesabu mwenye umri wa miaka themanini na ushei, alisimama kwa mkongojo wake, akasalimia, akauliza kwa upole kwa nini Mombasa haikutajwa hata mara moja. Swali lake lilikuwa na uzito. Baada ya ndege za Japani kuishambulia Colombo, katika kisiwa cha Ceylon (Sri Lanka ya leo), tarehe 5 Aprili 1942, Waingereza waliwahamisha wafumbuzi wao wa maandishi ya siri ya Wajapani, wakawaleta hapa kwetu. Walikaa katika shule ya Allidina Visram, ambayo serikali iliitwaa kwa kazi hiyo, na kituo chao kikajulikana kwa jina la Kilindini. Mawimbi ya redio kutoka mashariki yalifika hafifu mno, lakini Septemba 1942 Wajapani walifanya kosa moja katika utumaji wao, na John MacInnes na Brian Townend wakalishikilia kosa hilo hadi wakaung'amua mfumo wa maandishi ya siri wa meli za mizigo za Japani, ulioitwa JN-40. Kufikia Novemba walikuwa wakisoma kila ujumbe wa aina hiyo ulionaswa, na misafara ya meli za adui ikaweza kufuatiliwa baharini. Hayo yalitendeka katika mji huu, ambao watu wake wamelelewa katika mashairi ya mafumbo.

Msimulizi hakumwacha amalize. Alisema, "Babu, leo tunazungumzia watu mashuhuri. Hao walikuwa makarani tu." Baadhi ya watu walicheka. Mhudumu akaja akachukua kipaza sauti kutoka mkononi mwa mzee. Mjomba alikaa polepole, akaiweka sawa kofia yake, asitamke neno mpaka tulipovuka daraja la Nyali kurudi nyumbani.

Makarani! Nusu saa kabla ya hapo, kijana huyo huyo alikuwa ametupigisha makofi kwa Julia Child, mpishi aliyetukuzwa na Wamarekani. Kazi yake ilikuwa nini mwaka 1944 kule Kandy, Ceylon? Alisimamia masijala ya siri ya OSS, shirika la ujasusi la Marekani wakati wa vita vile: kupokea barua, kuzipanga na kuzihifadhi. Ian Fleming, mtunzi wa hadithi za James Bond, alikuwa msaidizi wa Admirali John Godfrey, mkuu wa ujasusi wa jeshi la majini la Uingereza, kazi ya mezani. Graham Greene, mwandishi wa riwaya, alipokuwa jasusi wa Uingereza huko Freetown, Sierra Leone, alitumia saa nyingi kufumba na kufumbua simu za maandishi kwa mkono wake mwenyewe. Ukiwaondoa makarani katika ujasusi wa vita vile, utabaki na nini cha kusimulia? Tofauti ni kwamba hao walipata umaarufu, na wale wa Kilindini walikula kiapo cha kunyamaza wakakitimiza.

Nimejaribu kumtetea kijana yule. Huenda muda ulikuwa umembana, na kipaji anacho, tena kikubwa. Nilikuwa nimekusudia kuwapa nyota tatu. Lakini nilipowaandikia kwa adabu kuomba mzee atakwe radhi, nilijibiwa kwa punguzo la bei ya tiketi ya safari ijayo, pasipo neno la samahani. Ninawapa nyota moja, na hiyo ni ya Josephine Baker, si yao. Nilichosema hapo juu kuhusu kumshauri mtu aende, nakifuta.

Usiku ule tulipofika Kibokoni, mjomba aliomba karatasi. Barazani, chini ya taa, alimwonyesha mjukuu wake jinsi siri ile ya JN-40 ilivyofanya kazi: maneno hugeuzwa kuwa jozi za tarakimu kwa jedwali, tarakimu hupangwa kwa mistari, kisha husomwa kwa safu zilizopanguliwa kwa mpango unaojulikana na wawili tu. Alimtungia mafumbo matatu. Mtoto alilifumbua la tatu birika la kahawa likiwa bado lina moto, na mjomba akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke Nyali.