Kibarua na mwajiriwa wa kudumu: nani ana nguvu ya kugoma?

Wanasosholojia wa kazi hulirudia swali hili, na bandari ya Mombasa ni mahali pazuri pa kulipimia.

Kibarua alipata jina kutokana na barua, yaani kile kikaratasi cha kuonyesha siku alizofanya kazi. Kesho hana ahadi, lakini naye hajamwahidi mtu. Akigoma, anapoteza ujira wa siku, basi. Makuli walikuwamo Januari 1947, mgomo mkuu uliposimamisha mji. Wakoloni waliuona huo uhuru kuwa hatari, na miaka ya 1950 wakakazana kuwapunguza vibarua gatini.

Mwajiriwa wa kudumu ana likizo, pensheni na chama. Kile cha makuli wa Mombasa kiliundwa 1954. Ila ana cha kupoteza, kwa hiyo hupiga hesabu mara mbili.

Leo, kwa maoni yangu, mizani imemwelemea kibarua: ni rahisi mno kumwita mwingine getini. Angalau Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 37, inamhesabu kuwa mwajiriwa wa kulipwa kwa mwezi akifanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja. Kile kikaratasi asikitupe.