Masomo ya sauti ya dini za dunia: uzoefu wangu baada ya msimu mmoja wa korosho

Ukitaka kujua kama mzani wa duka ni wa haki, usiuwekee kitu usichokijua. Weka kitu ambacho uzito wake unao kichwani. Mimi ni mbanguaji wa korosho hapa Mtwara mjini, tuko wanawake tisa kwenye banda moja, na mzani kwetu ndio unaoamua watoto wanakula nini jioni. Kwa hiyo niliponunua masomo haya ya sauti kuhusu dini kubwa za dunia, sikuanza na somo la kwanza. Niliruka moja kwa moja hadi la Uislamu, dini niliyozaliwa nayo na kuisomea madrasa tangu sijaota meno ya pili. Nikasema, akinipunja hapa ninapopajua, sitamwamini kule nisikokujua.

Niseme kwanza ni kitu gani. Ni masomo 12 kwa Kiswahili, mengi ni ya dakika 40 hadi saa nzima, yamewekwa kwenye kadi ya memori. Nilinunua kwa shilingi 12,000 kwa muuza simu karibu na soko. Unaichomeka kwenye redio ndogo, unaendelea na kazi yako. Mwalimu ni mmoja, sauti yake ni ya mtu wa pwani, haharakishi, na hapigi kelele kama wahubiri wengi wa kwenye kadi.

Kwenye Uislamu hakunipunja. Alianza pangoni Hira mwaka 610, Mtume akiwa na umri wa miaka 40, na jinsi alivyorudi nyumbani kwa Bi Khadija akitetemeka, akiomba afunikwe. Akaenda hadi Hijra ya mwaka 622, ndipo kalenda yetu inapoanzia kuhesabu, na kufariki kwake Madina mwaka 632. Kisha akaingia pale ambapo wengi huteleza: nani alistahili kushika nafasi baada ya Mtume, Abubakar au Ali, na namna jambo hilo lilivyofika Karbala mwaka 680 kwa kuuawa Husein, mjukuu wa Mtume. Kisa hiki nimeshakisikia kwa pande zote mbili, na kila upande ulikuwa na ghadhabu yake. Huyu alikisimulia kwa namna ambayo Sunni ataitikia na Shia ataitikia. Kazi hiyo si ndogo, na hapo ndipo nilipoanza kumheshimu.

Ila pwani yetu aliipita mbio. Alisema wafanyabiashara waliuleta Uislamu Afrika Mashariki, basi, akaondoka. Nilisikitika, maana Kilwa Kisiwani iko mkoa wa jirani tu, Lindi, na sehemu ya kale ya Msikiti Mkuu wa pale ni ya karne ya 11. Ibn Battuta alifika mwaka 1331, akamkuta Sultani Hasan bin Suleiman, akawasifu watu wake kwa uchamungu na kuandika kuwa ni wafuasi wa Imamu Shafi. Ni madhehebu hiyohiyo tunayosali nayo leo! Kadi inauzwa Mtwara, anayeinunua anastahili kusikia hilo.

Baada ya somo lile, mwenzetu mmoja Mkatoliki, mtu wa Ndanda, akasema, "Dada, sasa weka letu, na mimi nimpime." Tukaweka. Alikuwa anamenya, kisu mkononi, macho kwenye korosho, lakini nilimwona ameanza kumenya polepole. Mwalimu alieleza kuhusu Yesu wa Nazareti, kusulubiwa chini ya Pontio Pilato, wafuasi walioshuhudia kwamba amefufuka, na jinsi imani hiyo ilivyotoka kwa Wayahudi wachache ikaenea dola nzima ya Rumi. Akafika Mtaguso wa Nisea, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 325, na mabishano yao na padri Ario: je, Mwana ni kiumbe, au ni wa asili moja na Baba? Akaeleza Utatu kwamba Wakristo wanakiri Mungu mmoja katika nafsi tatu, na kwamba kuwaambia wana miungu watatu ni kuwasingizia. Dada wa Ndanda akasema, "Ndivyo tulivyofundishwa katekisimu, neno kwa neno."

Mimi nilikua nikiambiwa Wakristo wana miungu watatu. Bado siuamini Utatu, dini yangu inanifundisha vingine, lakini sasa nakijua kile nisichokiamini. Tumefanya kazi pamoja miaka sita na sikuwahi kumuuliza.

Kitu kingine nilichokipenda ni lugha. Kwenye somo la Wakristo anasema Yesu, Musa, Torati, Roho Mtakatifu. Kwenye letu anasema Nabii Isa, Nabii Musa, Taurati. Kila nyumba anaingia na maneno ya wenyewe. Hata Uyahudi, somo ambalo kwangu lilipita haraka maana mengi nilishayasikia kwenye visa vya manabii, lilinifunza jambo moja jipya: hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70, ibada ya kuchinja ilikoma, na Uyahudi ukaishi kwa kusoma, kwa sala, na kwa meza ya nyumbani Ijumaa jioni Sabato inapoingia.

Sasa nije kwenye Uhindu. Nikiwa mdogo baba alikuwa akinunua vitambaa kwenye duka la Baniani mmoja, na juu ya sanduku la pesa palikuwa na picha ya mtu mwenye kichwa cha tembo, mbele yake ubani unafuka. Nilikuwa nasimama nyuma ya baba nikiitazama kwa woga. Niliambiwa ndiyo sanamu wanayoiabudu, nisiitazame sana. Kwenye kadi hii ndipo nilipojua jina lake: Ganesha, mwana wa Shiva na Parvati, muondoa vikwazo, ndiyo maana anaombwa kabla ya kuanza safari au biashara. Mwalimu alitumia karibu robo saa kueleza kwamba dini hii haina mwanzilishi mmoja, kwamba Veda ni miongoni mwa maandiko ya kale kabisa yanayosomwa hadi leo, kwamba Wahindu wengi wanaamini uhalisi mmoja usio na mpaka, Brahman, unaoonekana kwa sura nyingi. Na kuhusu sanamu alisema hivi, nakumbuka kwa sababu nilisimamisha mashine yangu ya kubangulia: mwenye kusali hauombi udongo, anaomba kile kilichokaribishwa ndani yake. Kumbuka sentensi hiyo, nitairudia.

Lakini somo lililotubadilisha hewa ya banda ni la Ubuddha. Siddhartha Gautama, mtoto wa ukoo wa watawala, anasemwa alizaliwa Lumbini, leo ni Nepal, akalelewa asione tabu. Kisha akaona mzee, mgonjwa, maiti na mtawa, akatoka nyumbani kutafuta dawa ya mateso. Akaipata akiwa ameketi chini ya mti, Bodh Gaya, India, ndipo akaitwa Buddha. Mwalimu alieleza vizuri kweli nne alizofundisha, hasa neno dukkha ambalo wengi hulitafsiri mateso tu. Alisema ni pana kuliko maumivu: ni ile hali ya kutotulia hata ukiwa umeshiba, na chanzo chake ni kiu. Kiu ya kupata, kiu ya kushikilia.

Halafu akasimulia kisa cha Kisa Gotami. Mwanamke aliyefiwa na mtoto wake akakataa kumzika, akawa anambeba nyumba kwa nyumba akiomba dawa. Buddha akamwambia, niletee punje ya haradali, lakini itoke kwenye nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Akagonga mlango wa kwanza, haradali ipo, lakini wamemzika baba. Wa pili, wamezika binti. Hadi jua likazama.

Miongoni mwetu yupo aliyezika mtoto masika yaliyopita. Nilitaka kuizima redio, nikaona mkono wangu umejaa mafuta ya maganda, nikasita. Mashine zikanyamaza moja moja, ikabaki ile ya kona, nayo ikanyamaza. Yeye hakulia. Alisema, "Irudishe nyuma." Tukairudisha, tukasikiliza tena tangu mwanzo. Ilipoisha akasema, "Kumbe wale waliokuja kukaa na mimi kwenye mkeka, kila mmoja alikuja na wake." Kisha akavuta beseni lake akaendelea kubangua. Siku ile hatukuweka somo lingine.

Makalasinga, yaani watu wa dini ya Sikh, nao walinifurahisha, ingawa somo lao ni fupi. Huku wazee waliwajua kama mafundi tu, hakuna aliyetuambia kwamba mwanzilishi wao Guru Nanak (guru ni mwalimu wa dini), aliyezaliwa Punjab mwaka 1469, alifundisha Mungu mmoja na usawa wa watu, na kwamba kwenye hekalu lao kuna jiko ambalo yeyote anakula bure, tajiri na maskini wameketi chini safu moja. Gobind Singh, guru wao wa kumi, hakuacha mtu wa kumrithi, aliwaachia kitabu kitakatifu ndicho kiwe guru.

Basi kwa masomo kumi mfululizo nilikuwa namsifia mwalimu huyu kwa kila mtu. Ndipo tukafika somo la 11, dini za asili za Afrika.

Dakika 22. Bara zima! Na ndani ya hizo dakika 22 nikasikia maneno ambayo hakuyatumia popote kwingine: ushirikina, kuabudu miti, kuabudu mizimu. Wana korosho wenzangu wanaijua kangomba. Mkulima mwenye shida anapimiwa kwa bakuli badala ya mzani, na bakuli siku zote linamfaa mnunuzi. Dini zote nyingine mwalimu alizipandisha mzanini. Ya bibi yangu aliipima kwa kangomba.

Bibi mzaa mama alikuwa Mmakua wa Masasi, Mwanglikana, Jumapili haikosi kanisani. Asubuhi moja kabla mjomba hajasafiri, alinishika mkono tukaenda chini ya mti nyuma ya nyumba. Alikuwa na unga wa mtama kwenye kibakuli. Alichutama, akaumimina taratibu kwa vidole hadi ukasimama kama kichuguu kidogo cheupe, huku akitaja majina: mama yake, mama wa mama yake, mjomba wake. Aliwaambia huyu mtoto wenu anasafiri, mfikishieni Mungu habari zake. Hakuuomba mti. Mti ulikuwa mahali pa kukutania, na wale wazee walikuwa wajumbe. Kama Mhindu hauombi udongo, kwa nini bibi yangu aambiwe aliomba mti? Sentensi ile nzuri mwalimu alikuwa nayo mkononi tangu somo la Uhindu, na hapa hakuitumia.

Na mengi ya kusema yalikuwepo, tena ya hukuhuku kusini. Mwaka 1905 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alitoa maji yaliyobarikiwa kwa nguvu ya pepo Hongo, na imani hiyo ikawaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wamwera na wengine ambao hawakuwa na mfalme mmoja wala lugha moja, wakasimama dhidi ya Wajerumani. Imani gani nyingine ya huku imewahi kufanya hivyo kwa muda mfupi namna ile? Na Masasi, ambako Waanglikana waliingia mwaka 1876, askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo tangu 1926, Vincent Lucas, aliona jando haliwezi kutupwa, akaliingiza ndani ya kanisa kwa sala za Kikristo. Askofu wa kigeni alilipa jando uzito kuliko somo hili.

Nililia kidogo, sioni haya kusema. Wenzangu Wamakonde nao walikasirika, kila mmoja na bibi yake.

Kasoro nyingine ni za kawaida. Kadi yangu ya kwanza iligoma baada ya somo la nne, muuzaji akanizungusha siku tano kabla ya kunibadilishia. Somo la saba lina mwangwi kana kwamba limerekodiwa kisimani. Na hakuna hata karatasi moja yenye majina, hivyo ukitaka kumsomesha mtoto unabaki kubahatisha jinsi Siddhartha linavyoandikwa. Karatasi hiyo ingegharimu nini?

Nampa nyota nne kati ya tano. Nyota aliyoikosa ni ya somo la 11 peke yake, hayo ya mwangwi na karatasi nimeyasamehe. Nunua kama una wenzako wa dini tofauti mnaofanya kazi pamoja, na sikilizeni pamoja, kila mtu apime la kwao mbele ya wengine. Ukisikiliza peke yako utapata nusu tu.

Namba ya mwalimu imeandikwa kwenye pakiti, nikampigia. Nilidhani atanikatia simu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza lile jambo la unga mara mbili, akaniomba nimtajie tena yale maneno ya bibi. Bibi ametangulia mbele ya haki, lakini mdogo wake yupo Masasi na kumbukumbu yake haijachoka. Mwalimu amesema atakuja na kinasa sauti chake baada ya msimu. Nimeshamtumia bibi mdogo nauli ya mjukuu wa kumpokea stendi.