Viashiria vya voliumu kwenye chati ya shaba: uzoefu wangu nikiwa Lubumbashi

Hapa Lubumbashi, mji wa shaba wa Kongo, hakuna anayeulizwa kwa nini anafuata bei ya shaba. Naandika hesabu za mwenye malori ya njia ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na bei ikiyumba, simu za wateja ndizo zinatuambia kwanza. Nina programu ya chati kwenye simu, toleo la bure, na ndani yake natumia viashiria vitatu vya voliumu, yaani kiasi kilichouzwa na kununuliwa: nguzo za kawaida, OBV na VWAP.

Nguzo, pamoja na mstari wa wastani wa siku 20, nazipa alama za juu. Zinaonyesha mikataba ya baadaye mingapi (ahadi za kununua au kuuza shaba mwezi fulani ujao) imeuzwa leo ukilinganisha na siku za kawaida, basi. Kwenye soko la COMEX la New York mkataba mmoja wa shaba ni ratili 25,000, yaani tani 11 na ushee. Bei ikivuka kiwango kilichoizuia kwa wiki kadhaa na nguzo nayo imepita wastani, nauchukua mwendo huo kwa uzito. Ikivuka na nguzo fupi, nangoja kesho. Ila wakati wa Mwaka Mpya wa Kichina sizisomi kabisa, maana wanunuzi wakubwa wako likizo.

OBV, ya Mmarekani Joseph Granville, imenichosha. Ni jumla inayoendelea: bei ikifunga siku juu kuliko jana, voliumu yote ya siku inajumlishwa. Ikifunga chini, yote inatolewa. Kwa hiyo siku iliyopanda nusu senti na siku iliyoruka senti kumi zinahesabiwa kwa kanuni moja. Kisha kuna suala la kuhama mkataba. Mwishoni mwa Aprili nilikuwa nimefungua chati ya mkataba wa Mei, kijana tunayefanya naye kazi akachungulia: “Yaya, bei inapanda na hakuna mtu?” Kweli, nguzo zilikuwa zimebaki vijiti na OBV imelala. Nikamfungulia mkataba wa Julai. Nguzo ndefu, zimejaa. Wafanyabiashara walikuwa wamehamia huko, kwa sababu asiyetaka kupokea shaba yenyewe hutoka kabla ya mwezi wa makabidhiano. Vitabu vingi vinasema bei ikipanda bila voliumu ni dalili ya udhaifu. Kwenye mikataba ya baadaye, angalia kwanza mwezi ulioufungua.

VWAP ni bei ya wastani iliyopimwa kwa voliumu, na kwa kawaida huanza upya kila siku ya soko. Inamfaa anayeingia na kutoka siku hiyohiyo. Kwangu mimi, data ya toleo la bure ikifika imechelewa na mega zikiisha katikati ya chati, haina kazi kubwa.

Vijana wengi hapa mjini wanafanya biashara ya sarafu za nchi (forex), na hao nawaambia wazi: hiyo voliumu mnayoiona si voliumu. Soko la sarafu halina soko moja la kati linalohesabu miamala yote, kwa hiyo MetaTrader, programu mnayotumia, inawahesabia mara ambazo bei ya dalali wenu imebadilika. Ni kama kuhesabu mara ambazo mbadilisha dola ametaja bei mpya, bila kujua ameuza dola ngapi. Inaonyesha saa zenye pilikapilika, lakini usiwekee OBV juu yake ukadhani unaona pesa za wakubwa.

Na usitegemee onyo. Tarehe 30 Julai 2025 Marekani ilitangaza kwamba shaba iliyosafishwa haitaguswa na ushuru mpya wa asilimia 50, na bei ya COMEX ikaporomoka karibu asilimia 20 kwa siku moja. Kiashiria hakisomi matangazo ya Ikulu.

Nyota nne kwa nguzo, mbili kwa OBV. VWAP siipi alama hadi nipate data isiyochelewa, na hiyo inalipiwa kila mwezi kwa dola.