Alama za lita kwenye mtungi wa kioo: nunua nini, acha nini

Mtungi wa kioo wa lita 20 unafaa sana kwa mvinyo wa rozela au wa nanasi, ila mingi inauzwa bila mistari ya lita. Ukikisia, hesabu ya sukari inaharibika. Gramu 17 hivi kwa kila lita ndizo zinazoleta asilimia moja ya kilevi, kwa hiyo ukidhani una lita 18 kumbe zimo 15, mvinyo unatoka mkali kuliko ulivyokusudia. Kwa bia ni hatari zaidi: sukari ya mwisho, ile ya kuleta gesi, ikizidi, chupa zinalipuka.

Pesa ya kwanza iende kwenye mizani ya kidijiti ya jikoni, hata kabla hujafikiria alama. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, pungufu ya gramu chache tu. Weka jagi juu ya mizani, irudishe kwenye sifuri, mimina maji mpaka isome gramu 1,000, yamwage mtungini, kisha bandika kipande cha tepu usawa wa maji. Soma pale maji yalipotulia katikati, si pembeni yanapopanda kidogo kwenye kioo. Na usipime lita moja halafu ukazigawa nyingine kwa rula: kitako kimebonyea kwa ndani, mabega yanabana, nafasi hazilingani hata kidogo. Mtungi ukishajaa usiunyanyue. Unapita kilo 20, umelowa, unateleza, na vipande vyake vinakata vibaya.

Sasa alama zenyewe, kwa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni krimu ya kula kioo. Chapa inayojulikana ni Armour Etch ya Marekani. Kijana anayekata stika za magari atakukatia stika yenye matundu ya mistari na namba. Unaibandika, unapaka krimu nene, unasubiri dakika zilizoandikwa kwenye lebo, unaosha. Kinabaki kiukungu cheupe ambacho ni kioo chenyewe kilicholiwa, na hakuna spiriti wala brashi itakayokitoa. Kioo kikilowa mstari unafifia, kikikauka unarudi; hilo utalizoea. La kuogopa ni floraidi iliyomo: inapenya ngozi, na maumivu yanaweza kuchelewa kuja, ukadhani umepona. Vaa glavu na miwani, fanyia kazi penye hewa, watoto wakae mbali. Usiioshee kwenye sinki la kauri, maana nalo litaliwa.

Ukiogopa krimu, mtafute fundi anayechora namba za gari kwenye vioo na saiti mira. Dar na Nairobi hutahangaika kumpata. Nampa nafasi ya pili kwa sababu moja: hujui anatumia nini mpaka umuulize. Akitumia mchanga au dawa, mwachie mtungi ukiwa na tepu zako tayari. Akitoa drili, mshukuru uondoke.

Ya tatu, kalamu ya rangi ya mafuta. Ni rahisi, na kioo kikifutwa kwa spiriti kwanza rangi inashika vizuri. Inaonekana hata kioo kikilowa, jambo linaloishinda krimu. Ila brashi itaibandua taratibu, na kila baada ya muda utarudia. Kalamu za kauri zinazotaka kuokwa ni za vikombe: mtungi hauingii kwenye oveni, na kioo kinene kikipata joto lisilo sawa kinapasuka. Maka peni ya kawaida usinunue kwa kazi hii, spiriti inaifuta.

Mkiani kabisa naiweka drili ndogo yenye ncha ya almasi. Inachora vizuri, sikatai, lakini kila mkwaruzo ni mahali pa ufa kuanzia, na vumbi la kioo si la kuvuta puani.

Utakachochagua, chora nje tu. Ndani, mkwaruzo unaficha uchafu na vijidudu. Mistari mifupi inatosha, kuanzia lita 10 kwenda juu, kwa sababu chini ya hapo hutahitaji. Andika lita, usiandike galoni, hata kama maelekezo yako yametoka nje: galoni ya Marekani ni lita 3.8, ya Uingereza ni 4.5.